Chumvi moja, maji tofauti, maumbo tofauti. Wataalamu wa Mombasa nisaidieni

#1 MamaZuu_Kisauni
Salaam wanajamvi. Binti yangu yuko Gredi 8, amepewa mradi wa kukuza fuwele (zile chembe zenye pande na kona zinazojijenga chumvi ikikauka). Tulikoroga chumvi ya mawe kwenye maji ya chupa, tukaanika sahani roshani. Zikatoka chembe za mraba safi, kona kali, ukizisugua kidoleni zinakwaruza. Tukarudia kwa chumvi ileile lakini maji ya kisima cha hapa mtaani, na hapo ndipo mambo yalipoanza. Miraba ipo, ila kila upande umeingia shimo la ngazi ngazi kuelekea ndani. Ukingoni mwa sahani kuna utando mweupe. Katikati kuna vijisindano vyembamba vimelala ovyo. Sahani ya tatu ni maji ya bahari matupu kutoka Nyali, nayo haitaki kukauka, inanata tu.

Mwalimu wake kasema "ni uchafu". Sawa, lakini uchafu mbona ubadilishe umbo na usibadilishe rangi? Picha hizo hapo.

#2 KijanaWaFeri
Kisima cha Kisauni? Mama Zuu, hizo sindano zina wenyewe. Fukiza udi kwanza, sayansi baadaye 😂

#3 MwalimuKemia
Mama Zuu, mwenzangu hakukosea, amefupisha mno. Ndani chumvi ni ileile: sodiamu na kloridi zimepangana kwa miraba, maji yawe ya Kisauni au ya Mzima. Sura ya nje inaamuliwa na mwendo wa kila uso wa fuwele. Na hapa wengi hugeuza mambo: uso unaokua haraka ndio unaopotea. Unasonga mbele, unazidi kupungua upana, mwisho unaishia kwenye kona. Ule mzito wa kukua ndio unaobaki tukauona.

Sasa tia kitu cha pili majini. Kikienda kukaa kwenye uso wa aina moja na kuupunguzia mwendo, uso huo utapanuka na kutawala fuwele nzima. Hakihitaji kuingia ndani, kukaa juu kwatosha. Ndiyo maana kiasi kidogo mno cha kubadilisha rangi kinaweza kubadilisha umbo.

#4 NipeUshahidi
Maelezo mazuri, ila hayahusu mashimo ya ngazi. Hayo ni haraka tu. Maji yakikauka kwa kasi, kona na kingo za fuwele zinapata chumvi mpya kabla ya katikati, kwa hiyo zinatangulia na katikati inabaki nyuma. Huhitaji uchafu wowote. Angalieni picha: sahani ya maji ya chupa ni ya udongo, ya kisima ni ya bati. Bati linachemka juani. Mmelinganisha maji au sahani?

#5 MamaZuu_Kisauni
Sahani ya bati ndiyo iliyokuwepo, kaka. Hapa ni nyumbani, si maabara.

#6 MtuWaMashamba
Nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni, nimeona @NipeUshahidi kagusa jambo la kwetu. Msimu wa kaskazi, jua kali na upepo umetulia, chumvi huanza kufanyika juu ya maji. Chembe moja inaelea, inazama kidogo kwa uzito wake, inakua kwa ukingo wa juu peke yake, inazama tena, inakua tena. Mwisho unapata piramidi tupu ndani, imepinduka, ina ngazi pande zote nne. Ukipuliza inazunguka. Upepo ukianza tu zinagongana, zinavunjika, zinazama. Kwa hiyo ngazi ni haraka na utulivu wa maji, hapo sina ubishi.

Lakini sindano si chumvi. Maji ya bahari yakikauka hayatoi kila kitu kwa pamoja. Kwanza inatoka chokaa, yaani kalsiamu kabonati. Yakibaki kama robo hivi, inatoka jasi, yaani kalsiamu salfeti yenye maji ndani yake, na jasi ndiyo sindano. Chumvi yenyewe inangoja mpaka yabaki kama sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana tuna madimbwi mengi, tunahamisha maji, tusivune jasi pamoja na chumvi. Na hiyo sahani ya Nyali inayonata ni yale tunayoyaita maji machungu: magnesiamu kloridi, inavuta unyevu wa hewani. Kwa hewa ya Mombasa mtangoja sana. Sisi hayo tunayamwaga kabla, la sivyo chumvi inakuwa chungu na gunia linatota.

#7 BintMajabali
Shukran @MtuWaMashamba, hiyo ni jiolojia kamili. Mimi ndiyo ninayoisoma.

Mama Zuu, kuna jaribio la jikoni. Suuza sahani ya kisima kwa maji safi kidogo. Chumvi inayeyuka gramu 360 hivi kwa lita moja, jasi gramu mbili na nusu tu, na chokaa pungufu zaidi. Kwa hiyo chumvi itaondoka, mengine yatabaki. Kisha dondoshea siki. Kinachotoa povu ni kabonati. Kisichotoa, kilicho sindano, yaelekea ni jasi.

#8 MamaZuu_Kisauni
Tumefanya. Utando wa ukingoni umetoa povu mpaka binti akapiga kelele. Sindano zimekaa kimya. Ukizibonyeza kwa kucha zinakwaruzika kirahisi.

#9 BintMajabali
Kucha imekwaruza? Jasi hiyo. Kalsiti, ile chokaa ya kawaida, ingegoma.

#10 NipeUshahidi
Bado. Chumvi ya mawe yenyewe huja na jasi kidogo kutoka shambani. Mbona sahani ya maji ya chupa haikutoa sindano?

#11 MwalimuKemia
Kwa sababu jasi ya kwenye chumvi ni chache, kisima kimeongeza kalsiamu na salfeti. Na kuna jambo la pili: jasi huyeyuka zaidi kwenye maji ya chumvi kuliko maji matupu, mara mbili hadi karibu mara tatu. Ioni za chumvi, yaani chembe zake zenye chaji, zinazizingira kalsiamu na salfeti, zinapunguza kuvutana kwao. Kwa hiyo jasi ndogo inaweza kujificha muda mrefu ndani ya maji ya chumvi. Chumvi iliyoyeyuka si lazima iguse uso wa fuwele ndipo iathiri ukuaji, inaweza kubadilisha hali ya maji yenyewe.

#12 FundiBombaTudor
Nyinyi mnacheza na sahani, mimi nakula kwa haya mambo. Njooni muone birika la umeme la mtu anayetumia maji ya kisima. Magamba yake ukiyavunja na kuyatazama kwa kioo cha kukuzia, ni vijiti vimesimama wima kama nywele. Lakini kwenye bomba la maji baridi ya kisima kilekile unakuta ukoko wa chembe nene, hazina vijiti. Maji mamoja, chokaa moja! Na wenye hita za kuogea wanajua, ukinunua ya maji matamu ukaifunga kwa maji ya chumvi, koili haina maisha. Nani anaweza kunieleza hiyo tofauti ya vijiti na chembe?

#13 BintMajabali
Fundi, hapo si umbo tu lililobadilika, yaelekea ni madini mawili. Kalsiamu kabonati ina namna mbili za kawaida za kujipanga ndani: kalsiti, inayotoa chembe nene, na aragoniti, inayopenda vijiti. Maji yakiwa moto, zaidi ya nyuzi 60 hivi, aragoniti inapata nafasi. Na magnesiamu ikiwa nyingi inapata nafasi hata kwenye baridi. Matumbawe magumu mnayoyaona pale Marine Park karibu yote yamejijenga kwa aragoniti.

#14 KijanaWaFeri
Lakini bahari si ina kalsiamu nyingi kuliko magnesiamu? Ndiyo maana samaki ana mifupa 😎

#15 BintMajabali
Hapana. Kilo moja ya maji ya bahari ina magnesiamu gramu 1.3 hivi na kalsiamu gramu 0.4. Ukihesabu ioni kwa ioni, magnesiamu ni kama tano kwa kila kalsiamu moja. Na haikuwa hivyo siku zote. Zama za dinosaria magnesiamu baharini ilikuwa chache zaidi, na chokaa nyingi ya baharini wakati huo ilitoka kalsiti. Mifupa ya samaki ni fosfeti, hilo ni jambo jingine kabisa.

#16 FundiBombaTudor
Sasa magnesiamu inaizuiaje kalsiti? Inafanya nini hasa?

#17 MwalimuKemia
Magnesiamu ni ndogo na chaji yake ni kali, kwa hiyo imeyakumbatia maji yaliyoizunguka kwa nguvu kuliko kalsiamu. Fikiria abiria kwenye mlango wa matatu ya Kongowea, kabeba mizigo yake na hataki kuishusha. Haingii ndani, hatoki, na walio nyuma wote wamekwama. Kwenye uso wa kalsiti ni hivyo: ioni ya magnesiamu inafika kwenye ngazi ya ukuaji (ukingo wa safu mpya inayojengwa, si yale mashimo ya sahani), haivui maji yake haraka, ngazi inasimama. Aragoniti haisumbuliwi hivyo kwa sababu nafasi zake ni kubwa, magnesiamu haikai humo.

#18 BintMajabali
Mwalimu, kuna maelezo ya pili na hayalingani na hayo. Mwaka 2000, Davis, Dove na De Yoreo walichapisha kwenye jarida la Science kwamba magnesiamu haizuii tu mlangoni. Inaingia ndani ya kalsiti, inaipa msongo, na kalsiti yenye msongo inayeyuka kirahisi zaidi. Yaani maji yaleyale yaliyokuwa yameshiba kupindukia, yamebeba madini kuliko yanavyoweza kuyashikilia, yanakuwa hayajashiba sana kwa kalsiti hiyo mpya, ukuaji unapungua. Waliitazama ikikua kwa hadubini inayopapasa uso wa fuwele.

#19 NipeUshahidi
Kwa hiyo moja inasema haiingii, nyingine inasema inaingia ndiyo inaharibu. Haziwezi kuwa kweli zote.

#20 MwalimuKemia
Zinaweza, kwa viwango tofauti na kwenye ngazi tofauti za uso mmoja. Kalsiti ina ngazi za aina mbili, zenye kona butu na zenye kona kali, na hazipokei magnesiamu sawasawa. Ndiyo maana kalsiti iliyokulia kwenye magnesiamu mara nyingi hurefuka upande mmoja na kuviringika nyuso. Ingekuwa ni kuyeyuka tu, ingepungua mwendo pande zote sawa na umbo lisingebadilika.

#21 NipeUshahidi
Isipokuwa msongo nao hauko sawa pande zote. Sijakubali.

#22 ShangaziLikoni
Mimi sina kemia lakini nina shabu. Zamani tukiitia kwenye mtungi maji yatulie. Kipande kizuri cha shabu kikijikuza chenyewe kinakuwa na pande nane, piramidi mbili zimeungana kitako. Hilo nalo mnalielezaje, na si chumvi ya bahari?

#23 MwalimuKemia
Shikamoo shangazi. Shabu ni mfano bora kuliko wote. Ndani yake nayo ni mpango wa mraba, lakini nyuso za pande nane ndizo zinazokua polepole, kwa hiyo ndizo tunazoziona. Ukiikuza kwenye maji yaliyotiwa alkali kidogo au boraksi, nyuso za mraba zinaanza kujitokeza, kona zinakatika, unaweza kufika mpaka mchemraba. Chumvi ya mezani hufanya kinyume chake. Huyo kawaida yake ni mchemraba, na ukitia yurea anageuka pande nane. Romé de l'Isle, Mfaransa, aliandika habari hiyo mwaka 1783, na yurea yake ilitoka kwenye mkojo.

#24 KijanaWaFeri
Mama Zuu USIMWAMBIE BINTI 😂😂😂

#25 MamaZuu_Kisauni
Ameshasoma. Anacheka tangu saa ile.

#26 MwalimuKemia
Yurea ya mbolea ipo maduka ya wakulima, hakuna haja ya kwenda chooni. Sababu yenyewe ni hii: uso wa mchemraba wa chumvi una sodiamu na kloridi kwa zamu, chaji zinalingana. Uso wa pande nane ni sodiamu watupu au kloridi watupu, hauna utulivu, unakua haraka, unapotea. Yurea inautuliza uso huo.

#27 NipeUshahidi
Pakiti ya chumvi niliyonayo jikoni imeandikwa E536. Nimetafuta, ni potasiamu ferosianidi. SIANIDI, jamani. Mnakula nini?

#28 DadaWaZamu
Mimi ni muuguzi, tulia kaka. Sianidi hiyo imefungwa na chuma kwa nguvu, haiachii tumboni hivi hivi, na kiasi ni miligramu chache tu kwa kilo ya chumvi.

#29 MwalimuKemia
Na ni mfano mwingine wa mada hii hii. Ferosianidi ina umbo na ukubwa unaolingana na sodiamu iliyozungukwa na kloridi sita, kwa hiyo inakaa kwenye nafasi hiyo juu ya uso wa chumvi. Lakini chaji haikubaliani na safu inayofuata, ukuaji unakwama hapo. Ndiyo maana chembe za pakiti hazishikani zikawa jiwe. Ukiizidisha kidogo wakati wa kukausha, chumvi inaota matawi badala ya miraba. @MamaZuu, wewe umetumia ya mawe kutoka sokoni, labda haina hiyo.

#30 NipeUshahidi
"Labda". Na iodini je? Chumvi ya Kenya hutiwa iodini. Mbona hiyo hamuilaumu?

#31 MtuWaMashamba
Iodeti inanyunyiziwa mwishoni, chembe zimeshafanyika. Haiwezi kuunda umbo la kitu kilichokwisha kukua.

#32 NipeUshahidi
Lakini binti ameiyeyusha akaikuza upya.

#33 MtuWaMashamba
Eeh, hapo umenibana. Ila ni kidogo mno, na ilikuwemo sahani zote mbili.

#34 MzeeWaMjiWaKale
Wanangu, mnaongea sahani na mabirika, njooni Mji wa Kale mtazame kuta. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, kama Ngome ya Yesu iliyoanzwa 1593. Baba yangu alikuwa akipaka chokaa, ukuta unapumua. Siku hizi fundi anakuja na saruji. Miaka michache tu, plasta inavimba kwenye usawa wa goti, ukiigonga inalia tupu, ukiibandua nyuma yake kuna unga mweupe na vinywele vya chumvi virefu vya kupeperuka ukipumua. Jirani yangu fundi alimwambia ni rangi mbaya, akalipishwa mara mbili.

#35 BintMajabali
Ami, vinywele hivyo navyo ni vya mada. Ukuta ukiwa umelowa, chumvi inaganda kama ukoko, fuwele zinakua pande zote ndani ya maji. Ukuta ukikaribia kukauka, kila fuwele inalishwa kwa chini tu, kutoka kwenye kitundu cha jiwe, kwa hiyo inasukumwa juu na kurefuka. Chumvi ileile, vinywele au ukoko, kutegemea unyevu. Na zile zinazokua ndani ya tundu zinasukuma jiwe mpaka linamong'onyoka. Saruji inazuia maji yasitokee juu, kwa hiyo fuwele zinakulia nyuma ya plasta.

#36 NipeUshahidi
Asante. Umbo limebadilika bila kitu cha pili majini. Ndilo ninalolisema tangu #4.

#37 MwalimuKemia
Hakuna aliyesema ni sababu moja tu.

#38 KijanaWaFeri
Mwalimu, ulikaribia kusema.

#39 AsiyeLala
Nimesoma uzi wote. Kule Naica, Mexico, kuna pango lenye fuwele za jasi za hadi mita 11, wachimba madini walilikuta mwaka 2000. Maji ya chumvi chumvi yenye madini mengi ndiyo yanayozikuza hivyo.

#40 BintMajabali
Si wingi wa madini. Ni utulivu. Maji yalikaa karibu nyuzi 58 kwa muda mrefu mno, anhidriti (kalsiamu salfeti isiyo na maji ndani) inayeyuka taratibu, jasi inajengeka taratibu, maji yamezidi kushiba kwa kiasi kidogo sana. Fuwele chache zikapata kila kitu. Ukiharakisha utapata sindano maelfu, za ukubwa wa zile za Mama Zuu.

#41 FundiBombaTudor
Kuna muuzaji kaja na sumaku ya kufunga kwenye bomba, ati chokaa haitashika. Mimi natumia vidonge vya polifosfeti, maji yanapita juu yake. Kiasi kidogo tu na magamba yanapungua. Hiyo sumaku ni kweli?

#42 NipeUshahidi
Mwambie aifunge kwenye bomba moja na aliache la pili, maji yaleyale, birika lileile, tuone. Atahama mtaa.

#43 MwalimuKemia
Polifosfeti naielewa: inashika kwenye ngazi za kalsiti kama ilivyo kwa magnesiamu, ila kwa dozi ndogo zaidi. Sumaku sijaona inavyoingia hapo.

#44 ShangaziLikoni
Na mawe ya figo? Majirani wengi wanasema ni maji ya kisima haya.

#45 DadaWaZamu
Shangazi, mawe mengi ya figo ni kalsiamu oksaleti, si chokaa ya birika. Mara nyingi shida ni kutokunywa maji ya kutosha kwenye joto hili, mkojo unakolea. Ndimu ina sitrati, inaishika kalsiamu na pia inakaa kwenye nyuso za fuwele zikashindwa kukua vizuri. Mwenye maumivu aende hospitali, asitibiwe na uzi.

#46 MamaZuu_Kisauni
Nimejifunza mengi. Sasa binti anataka jaribio la haki: sahani mbili za udongo, kivuli kimoja, maji ya chupa, chumvi ileile, moja tutie magnesiamu. Duka la dawa lina chumvi ya Epsom. Itafaa?

#47 NipeUshahidi
Haitafaa. Epsom ni magnesiamu SALFETI. Sindano zikitoka nitasema ni salfeti imekutana na kalsiamu ya kwenye chumvi, ikawa jasi. Mtakuwa mmebadilisha vitu viwili.

#48 BintMajabali
Kwa hili yuko sahihi. Inatakiwa magnesiamu kloridi.

#49 MtuWaMashamba
Maji machungu yapo tele huku, naweza kutuma chupa na mtu wa matatu ya Malindi. Ila nayo yana salfeti ndani, na potasiamu.

#50 MwalimuKemia
Basi sahani tatu. Moja tupu, moja Epsom, moja sodiamu salfeti. Ya Epsom na ya sodiamu salfeti zikifanana, lawama ni ya salfeti. Zikitofautiana, tuangalie magnesiamu.

#51 NipeUshahidi
Na ya nne, tupu lakini ya bati, juani. Hiyo hamtaki kuitia kwa sababu mnajua itatoa ngazi.

#52 KijanaWaFeri
Mama Zuu nunua sahani, hawa hawamalizi leo.